Wi-Fi ya nyumbani kwa laini finyu: mwongozo kamili wa kuchagua vifaa Unguja na Pemba

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya kompyuta Darajani au Mlandege ukasema unataka Wi-Fi ya nyumbani, utakalooneshwa kwanza ni boksi kubwa lenye picha ya ruta ya antena sita. "Chukua hii, sheikh, inapenya ukuta wowote." Juu ya boksi pameandikwa 1200 au 3000, na muuzaji hatakuuliza nyumba yako imejengwa kwa kitu gani, mnara uko upande gani, wala intaneti yenyewe unaipata kwa njia ipi. Haya matatu ndiyo yanayoamua ununue nini. Namba ya kwenye boksi inakuja mwisho, na kwa wengi wetu haina kazi kabisa.

Mwongozo huu ni wa mwenye laini finyu: anayetumia modemu ya USB, anayetegemea ruta ya kutia laini ya simu, au aliyebakiwa na waya wa simu ya mezani na modemu ya kupiga. Mwenye faiba mpaka mlangoni ana mambo yake, ingawa habari ya kuta na ya umeme inamhusu na yeye.

Hatua ya 1: Ijue laini kabla ya kuijua ruta

Wi-Fi ni njia ya ndani, baina ya simu yako na ruta. Intaneti ni kile kinachoingia kwenye ruta kutoka nje. Mfereji ukiwa unachuruzika, ndoo kubwa haiongezi maji.

Hesabu yake ni hii. Modemu ya kupiga kwa waya wa simu, ya kiwango cha V.90 kilichotoka mwaka 1998, kikomo chake ni kilobiti 56 kwa sekunde kwa kupokea na 33.6 kwa kutuma. Kwenye waya wenyewe hupati zote. Ukipata kilobaiti 5 kwa sekunde, shukuru. Picha ya megabaiti 1 inashuka kwa zaidi ya dakika 3. Sasa chukua Wi-Fi ya kizamani, ile ya 802.11b ya mwaka 1999: kwenye karatasi inabeba megabiti 11 kwa sekunde, karibu mara 200 ya modemu hiyo. Kifaa cha Wi-Fi kilichochakaa kuliko vyote utakavyokuta dukani kina nafasi kubwa kuliko laini yako itakavyoweza kuijaza.

Kwa 3G na 4G tofauti inapungua lakini hesabu haibadiliki. Laini inayokupa megabiti 5 au 10 jioni inatoshelezwa na ruta ya bei ya chini ya kiwango cha N, ambacho kimekuwepo tangu 2009. Ukinunua ya megabiti 3000, umelipia njia pana ya kupitisha kitu kile kile kidogo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima laini, na kifaa cha kupimia unacho mkononi. Tia kwenye simu ya Android laini unayokusudia kuitumia. Ingia Mipangilio, halafu Kuhusu simu, halafu Hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake na herufi dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, nyuma; namba ikikaribia sifuri ndiyo bora. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, na ikifika -110 na kuendelea utateseka. Tembea nayo nyumba nzima: ukumbini, dirisha la jikoni, kwenye ngazi, juu ya paa kama pana njia ya kupandia. Kila mahali simama kama dakika nzima, maana namba inachelewa kubadilika, kisha andika kwenye karatasi. Halafu azima laini za mitandao mingine kwa ndugu na majirani urudie mzunguko huo huo. Usimsikilize mtu wa mtaa wa pili anayekwambia mtandao fulani ndio unaoshika; unashika kwake.

Pima kasi pia, mara moja alfajiri na mara moja saa 2 usiku, watu wakiwa wamesharudi nyumbani na kila mmoja ameshika simu. Laini inayokwenda vizuri alfajiri na kulala usiku haina tatizo la mawimbi. Mnara umezidiwa, na hakuna antena utakayonunua itakayouondolea watu. Hapo dawa ni kubadilisha mtandao.

Pemba ina shida yake ya peke yake, nayo ni vilima. Nyumba iliyoko bondeni, na mnara uko nyuma ya kilima, inaweza kuwa na -112 ukumbini na -95 juu ya paa au hata juu ya mnazi. Kwa nyumba kama hiyo pesa yako isiende kwenye Wi-Fi. Iende kwenye kupandisha kipokezi juu, na nitaeleza namna yake mbele.

Hatua ya 2: Zisome kuta zako

Wi-Fi inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 yanafika mbali na yanavumilia ukuta. Ya 5 yana kasi zaidi lakini yanachoka upesi. Muuzaji atakusifia ya 5. Kwa laini finyu, 2.4 ndiyo itakayokufaa, na ruta ya 2.4 peke yake si aibu.

Nyumba za Mji Mkongwe ni kitu kingine kabisa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una unene wa nusu mita na zaidi, na mawimbi yakipita ukuta mmoja yanakuwa taabani, ya pili hayafiki. Lakini nyumba hizo zina ua katikati, na vyumba vinafungukia kwenye roshani za kuzunguka ua. Tumia hilo. Ukiiweka ruta ndani ya chumba cha mbele kwa sababu ndipo palipo na soketi, utapata Wi-Fi chumba kimoja na barabarani. Ukiitundika kwenye roshani ya ghorofa ya kati, ikitazama ua, mawimbi yanashuka na kupanda penye uwazi na kuingia vyumbani kwa milango na madirisha. Milango ya mbao, hata ile mizito ya kuchonga, haizuii kama jiwe linavyozuia.

Michenzani na majumba mengine ya zege yana chuma ndani ya sakafu na nguzo, kwa hiyo ghorofa hadi ghorofa ni ngumu, lakini fleti yenyewe ni ndogo na ruta moja inatosha. Tatizo la pale ni majirani: ruta kumi na tano zinapiga kelele kwenye masafa hayo hayo. Hilo tutalitatua kwenye mipangilio.

Nyumba za kawaida za ng'ambo na mashamba, za bloku na mabati, hazina usumbufu mkubwa ndani. Bati ndilo adui, na lina ubaya wa pande mbili: linazuia mawimbi ya mnara kuingia kutoka juu, na linazuia Wi-Fi yako kufika bandani au kwenye nyumba ya uani kama njia inapita chini ya paa lake. Nyumba ya udongo na makuti inapitisha karibu kila kitu.

Hatua ya 3: Chagua kifaa kulingana na laini

*Mwenye waya wa simu na modemu ya kupiga.* Kulikuwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hii hasa. AirPort ya kwanza ya Apple, ya mwaka 1999, ilikuwa na modemu ya kilobiti 56 ndani yake: unachomeka waya wa simu, inapiga yenyewe na kugawa kwa Wi-Fi. Ukikutana na kama hicho kwenye vitu vya mtumba, kiache. Ulinzi wake ni wa WEP, uliovunjwa tangu 2001, na programu ya kuuendesha haitaki kompyuta za leo. Zilikuwepo pia ruta zenye tundu la siriali nyuma, la kuunganishia modemu ya nje. Hizo zikiwa nzima zinafanya kazi, ilimradi zina ulinzi wa WPA2, ulio imara kuliko WEP.

Njia ya uhakika zaidi ni kompyuta yenyewe kuwa mlango. Windows ina uwezo wa kushirikisha muunganisho tangu toleo la pili la Windows 98. Chomeka modemu kwenye kompyuta, tengeneza muunganisho wa kupiga, fungua sifa zake na uruhusu wengine wautumie. Kisha unganisha ruta yoyote ya bei rahisi kwa waya wa mtandao, na hapa ndipo wengi wanapopotea: waya uingie kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, yaani ya vifaa vya ndani, si lile la WAN la intaneti ya nje, lenye rangi tofauti. Ingia kwenye ruta uzime DHCP, kazi ya kugawa anwani kwa vifaa, kwa sababu kompyuta ndiyo itakayozigawa. Kwa Windows za sasa kompyuta itajipa 192.168.137.1, basi ipe ruta 192.168.137.2 zisigombane. Ruta hapo imebaki kuwa mdomo wa Wi-Fi tu. Gharama yake ni kwamba kompyuta lazima iwe inawaka muda wote, na simu ya mezani haitaita wakati watu wako hewani. Huduma ya simu kusubiri izime kabisa. Mlio wake unaangusha muunganisho.

*Mwenye modemu ya USB.* Ukifungua mipangilio ya modemu hizi za 3G utakuta zinapiga *99#. Nazo ni za kupiga, sema hazina waya. Unaweza kufuata njia ile ile ya kompyuta, lakini bora utafute ruta yenye tundu la USB iliyokusudiwa modemu za simu, kama TP-Link TL-MR3420, au mdogo wake TL-MR3020 anayeingia kwenye kiganja cha mkono. Zimetoka zamani, zinapatikana mkono wa pili, na kwa megabiti 5 zinatosha.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, modemu si zote za aina moja. Ipo inayopiga *99#, na ipo inayojifanya kadi ya mtandao yenye ukurasa wake wenyewe wa mipangilio. Ruta nyingi za zamani zinaijua ya kwanza tu. Nenda dukani na modemu yako mfukoni, ichomeke uone taa inawaka na intaneti inaingia kabla hujatoa pesa. Pili, modemu inaponyanyua sauti kutafuta mnara wa mbali inavuta umeme mwingi, hadi miliampia 500 na wakati mwingine kupita. Adapta dhaifu ikishindwa, ruta inazimika na kujiwasha upya, na utadhani mtandao ni mbovu. Kwa TL-MR3020, inayokula volti 5, tumia adapta ya ampia 2.

Uzuri wa modemu ya USB ni kwamba unaweza kuitenganisha na ruta. Waya wa kurefusha USB wa mita 2 au 3 unaiweka juu ya dirisha, pale karatasi yako ilipoonesha namba nzuri, na ruta inabaki katikati ya nyumba. Usipite mita 5.

*Anayeanza sasa.* Nunua ruta ya 4G ya kutia laini moja kwa moja, yenye matundu mawili ya antena ya nje, hata kama leo huna haja nayo. Maifai, kile kidogo chenye betri, ni kizuri safarini na kwa mpangaji wa chumba kimoja. Lakini hakikukusudiwa kuchomekwa kwenye umeme usiku na mchana: kwa joto letu la Kaskazi betri inavimba, na ikishavimba haina tena matumizi salama.

Antena ya nje ndiyo dawa ya bondeni Pemba na ya nyumba za bati. Inunue baada ya kipimo cha paa kuonesha kuwa juu pana afadhali ya walau dBm 10 kuliko chini; kama hapana tofauti, hifadhi pesa yako. Waya wake uwe mfupi iwezekanavyo, maana mawimbi yanapotea njiani, na waya mwembamba wa mita 20 unaweza kula faida yote ya kupanda juu. Angalia na kichwa cha waya: antena ya laini ya simu kwa kawaida ina sindano katikati ya kichwa chake, ya Wi-Fi mara nyingi ina kitundu badala ya sindano, na zote mbili zinajifunga vizuri kwa uzi wa nje. Watu wanazifunga hivyo hivyo, zinashikana, na hakuna kinachopita. Modemu za USB zina tundu dogo la TS9 au CRC9 lililofichwa chini ya kifuniko cha mpira, linalotaka waya wake wa kubadilishia.

Hatua ya 4: Vyumba vya mbali

Hapa ufinyu wa laini unakuokoa. Mafundi wanakataza kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa kwenye soketi, na wana hoja: kinapokea na kutuma kwa mdomo mmoja, kwa hiyo kinakata kasi kwa nusu. Lakini nusu ya megabiti 40 ni 20, na laini yako ni 6. Hutaona tofauti. Kinunue bila ya wasiwasi, ila usikiweke ndani ya chumba kisichoshika. Kiweke katikati ya njia, mahali ambapo Wi-Fi bado ina nguvu. Hakiwezi kurudia ambacho hakikisikii.

Kwa kuta za Mji Mkongwe kifaa hicho nacho hakitoshi, na hapo waya ndio jibu: waya wa mtandao wa Cat5e kutoka kwenye ruta mpaka kwenye ruta ya pili upande wa pili wa nyumba, unaofika hadi mita 100. Usitoboe ukuta wa mawe kama kuna njia ya dirishani au kwenye ngazi. Ukuta huo haupendi drili, na nyumba iliyomo kwenye eneo la urithi wa dunia ina masharti yake.

Kagua waya wenyewe. Unaouzwa rahisi mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Chukua kipande, kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu: ukitoa weupe chini ya wekundu, ni alumini. Hukatika ukiukunja, na hewa yetu ya chumvi inaumaliza upesi kwenye vichwa. Shaba tupu nayo hutoka kutu ya kijani lakini inadumu. Unaopita nje uwe mweusi wa kustahimili jua, na kabla haujaingia ndani uachie ulegee kidogo kwenda chini ya tundu, maji ya masika yadondokee hapo badala ya kufuata waya mpaka kwenye ruta.

Hatua ya 5: Umeme, kabla ya urembo wowote

Umeme wetu unavuka bahari. Unguja unatoka bara kwa nyaya za chini ya maji, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Mwenye kumbukumbu ya Mei na Juni 2008, au ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kuhadithiwa giza la Unguja. Siku hizi ni kukatika kwa saa chache, lakini kinachoua vifaa si kukatika, ni kurudi. Umeme ukirudi kwa kishindo, adapta ndogo za ruta ndizo zinazotangulia kufa.

Nunua kile kikinga cha soketi kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi, ambacho watu wanakitumia kwa friji. Ruta inakaa vizuri kwenye hicho hicho. Hiki nakiweka mbele ya antena, mbele ya kifaa cha kurudia, mbele ya kila kitu isipokuwa ruta yenyewe.

Kisha chagua namna ya kukaa hewani umeme ukiondoka. Mnara una betri na jenereta zake, kwa hiyo mara nyingi intaneti ipo, ni ruta yako tu iliyolala. Ruta ndogo inakula wati 5 au 6. Pauabenki ya miliampia-saa 20,000 ina kama wati-saa 74 kwa hesabu ya volti 3.7 za betri yake. Ondoa zinazopotea njiani, zinabaki kama 60, sawa na saa 10 za kuendesha ruta. Kama ruta ni ya volti 12, utahitaji waya wa kupandisha kutoka volti 5 hadi 12. Soma nyuma ya ruta kwanza: volti zilingane, na ule mchoro mdogo wa duara uoneshe alama ya kujumlisha iko katikati, kama kwenye waya. Ipo pia mini-UPS ya ruta, kiboksi kinachokaa baina ya adapta na ruta na kuhamia betri bila kuzimika. Kwa modemu inayochukua dakika mbili kujiunga na mnara, hiyo ni raha zaidi. UPS kubwa ya kompyuta, ile inayolia, inapoteza umeme mwingi kwa kazi ndogo hivi.

Masika radi zikianza, chomoa adapta, chomoa waya wa simu, na kama una antena ya paa ichomoe pia. Kikinga cha soketi hakizuii kitu kinachoingia kwa njia ya antena.

Hatua ya 6: Dukani

Omba ruta iwashwe mbele yako, na utie laini yako mwenyewe, si ya duka. Ruta nyingi za mkono wa pili zimefungwa kwa mtandao wa nchi zilikotoka. Zinawaka taa zote na hazikubali laini. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinaweza kukosa masafa ya 4G ya huku, zikaishia 3G. Ikishashika, fungua simu na upakue kitu, usiridhike na alama ya 4G kwenye kioo.

Ruta ya laini ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kama simu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, kwa hiyo linganisha namba ya chini ya ruta, ya kwenye boksi na ya kwenye ukurasa wa mipangilio. Zikitofautiana, rudisha. Bonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio kwa sekunde 10 uone kinafanya kazi, maana ruta ya mtumba yenye neno la siri la mtu mwingine ni tofali. Adapta iwe ya pini tatu na yake ya asili. Antena ni ngapi? Mbili zinatosha.

Hatua ya 7: Kuweka

Weka ruta juu, usawa wa kichwa au zaidi, mbali na friji na maikrowevu, na usiifunike kitambaa cha kudarizi hata kama mama hapendi taa zake. Joto ndilo linaloizeesha.

Kwa kompyuta au simu iliyounganishwa, fungua 192.168.0.1 au 192.168.1.1, anwani sahihi na neno la siri la kuanzia yamebandikwa chini ya ruta. Badilisha neno la msimamizi kwanza, kisha jina la Wi-Fi. Chagua WPA2, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Zima WPS, njia ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi, ambayo udhaifu wake umejulikana tangu 2011. Neno la Wi-Fi linakubali herufi 8 hadi 63. Liwe refu na rahisi kutamkwa kwa mgeni, lakini lisiwe namba yako ya simu, ambayo baraza zima inaijua.

Kwa 2.4, weka upana wa megahezi 20. Ule wa 40 unaongeza kasi usiyoihitaji na kukugonganisha na jirani. Chaneli ni 1, 6 au 11, tatu hizi ndizo zisizoingiliana. Pakua programu ya bure ya kuonesha Wi-Fi za jirani, uchague ile yenye watu wachache. Michenzani hatua hii peke yake inaweza kubadilisha hali ya nyumba.

Kama laini haiingii, tazama APN, jina la mlango wa intaneti wa mtandao wako wa simu. Mtandao wako utakupa jina sahihi kwa kuwapigia huduma kwa wateja; liandike herufi kwa herufi.

Hatua ya 8: Kulinda bando

Wi-Fi ikishakuwepo, kila simu ndani ya nyumba inadhani imefika mahali pa bure. Inaanza kusasisha programu, kupakia picha, kupakua video za makundi ya WhatsApp. Kwa bando la kupimwa, au kwa modemu ya kupiga inayolipiwa kwa dakika, hapa ndipo pesa inapokwenda, kuliko kwenye ruta na antena zote tulizozitaja.

Kwenye kila simu ya Android fungua sifa za Wi-Fi yako na uiseme kuwa ni muunganisho wa kupimwa. Windows ina kitufe hicho hicho. Duka la programu lisisasishe lenyewe. WhatsApp, kwenye hifadhi na data, izuiwe kupakua picha na video ikiwa kwenye Wi-Fi. Wengi wanaizuia kwenye data ya simu tu. Kwa laini ya kupiga, tumia kivinjari kinachobana kurasa kama Opera Mini, na uzime picha.

Ruta nyingi, hata za bei ya chini, zina mtandao wa wageni na sehemu ya kugawa kasi kwa kila kifaa. Weka wageni na watoto huko, wape megabiti 1, na yule anayesoma au kufanya kazi apewe kipaumbele. Baadhi ya ruta za laini zinahesabu data na kukata zikifika kikomo ulichoweka. Weka kikomo chini kidogo ya bando, ili uone onyo kabla ya ruta kuanza kula salio la kawaida.

Ukishamaliza, pita tena nyumba nzima na ile karatasi ya mwanzo, safari hii ukipima Wi-Fi na kasi kwa pamoja. Chumba chenye Wi-Fi kamili na kasi ndogo, tatizo liko nje, kwenye laini. Chumba chenye Wi-Fi dhaifu na kasi ndogo kuliko vyumba vingine, tatizo liko ndani, na hapo ndipo ruta ya pili au kifaa cha kurudia kinapostahili kununuliwa. Risiti na boksi usitupe mpaka kipimo hicho kimekuridhisha, saa 2 usiku, si alfajiri.